Sauti ya babu imo kwenye kanda? Iokoe kabla haijazimika

JE, msomaji, ni lini mara ya mwisho ulipolifungua lile sanduku la kadibodi lililo juu ya kabati? Lile lenye kanda zilizopoteza vifuniko, santuri ambazo majalada yake yametafunwa na mende, na redio kaseti ambayo mtoto wako wa sekondari hajui hata inavyowashwa?

Wengi wetu tunalo. Tunahama nalo kutoka Umoja hadi Kayole, kutoka Kayole hadi Kitengela, huku tukijiambia kwamba siku moja tutaketi na kulikagua. Siku hiyo haifiki.

Makala haya yanakuomba uifanye siku hiyo kuwa Jumapili ya leo. Kwa kompyuta ya kawaida, waya mmoja na subira, unaweza kuzihamisha sauti hizo na kuziweka mahali ambapo wajukuu wako watazisikia. Lakini kabla sijakueleza jinsi ya kufanya hivyo, niruhusu nikusimulie kosa langu. Huenda likakuzindua.

Kanda moja, kosa moja

Krismasi ya mwaka wa 1987, baba yangu mdogo alikuja nyumbani kwetu, karibu na Wundanyi, akiwa na redio kaseti mpya. Jioni moja alitia kanda ya dakika 60, akaiweka redio juu ya kigoda na kumwomba babu azungumze.

Babu alicheka kwanza, kisha akazungumza. Alitaja majina ya baba zake hadi kizazi cha sita. Alieleza mpaka wa shamba letu ulipopita na ni mti gani uliopandwa kuwa alama. Upande wa pili wa kanda, alianza kusimulia jinsi alivyotoka milimani akiwa kijana, akashuka kwa miguu hadi Voi kutafuta kazi.

Mnamo 1991 nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, sina hata senti ya kununua kanda tupu. Redioni kulikuwa na kipindi cha nyimbo za Kizaire, kama tulivyoziita wakati huo. Nikaichukua kanda iliyokuwa karibu, nikabonyeza kitufe chekundu.

Babu alifariki mwaka wa 1993. Tulipoitafuta kanda yake baada ya matanga, tuliusikia upande wa kwanza wote. Upande wa pili, babu anasema, "Basi tulipofika Voi, yule mzee akatuuliza..." kisha linaingia gitaa. Gitaa hilo halikomi hadi mwisho wa kanda.

Hakuna aliyenigombeza. Mama alisema tu, "Ulikuwa mtoto." Hata hivyo, msomaji, hadi leo siwezi kuusikiliza wimbo ule.

Anza na zile zisizo na pacha

Watu wengi wakiamua kufanya kazi hii huanza na santuri za nyimbo mashuhuri. Hapo ndipo wanapopotea njia.

"Malaika" ulioimbwa na Fadhili William unapatikana kila mahali. "Jambo Bwana" wa Them Mushrooms, uliotoka mwaka wa 1982, hautapotea hata ukiivunja nakala yako. Nyimbo kama hizo zina nakala nyingi duniani, na mara nyingi sauti yake ni safi kuliko iliyo katika santuri yako yenye mikwaruzo.

Lakini kanda ya harusi ya dada yako ni moja tu. Kanda ya kwaya ya mtaani kwenu iliyovunjika zamani huenda ikawa moja. Wapo waliokuwa na jamaa Ughaibuni, Uingereza au nchi za Ghuba, ambao badala ya kuandika barua walizungumza kwenye kanda na kuituma nyumbani kwa mkono wa msafiri. Barua hizo za sauti hazina pacha.

Kwa hivyo zipange kanda na santuri zako katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni sauti za watu wa nyumbani. Fungu la pili ni muziki ambao umeutafuta kwingine ukaukosa, kwa mfano zile santuri ndogo zilizouzwa na maduka ya River Road zamani, ambazo nyingine zilitolewa nakala chache na hazikutolewa tena. Fungu la tatu ni zote zilizobaki. Hilo la tatu linaweza kungoja.

Kanda zitangulie santuri. Santuri ikihifadhiwa wima, mbali na jua, huweza kukaa miaka mingi sana. Kanda ni utepe wa plastiki uliopakwa chembechembe za sumaku kwa gundi. Gundi hiyo huharibika polepole kwa joto na unyevu. Wakazi wa Mombasa na Kisumu wanajua jinsi ukungu mweupe unavyoingia ndani ya kanda.

Isitoshe, mashine zenyewe zinakwisha. Mnamo 2019 shirika la UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti, lilitoa onyo kwamba kufikia takriban mwaka wa 2025 ingekuwa vigumu mno kuzicheza kanda za sumaku, kwa kuwa mashine na vipuri vyake havitengenezwi tena kama zamani. Mwaka huo umeshafika. Ukiwa na redio kaseti inayofanya kazi, usiiuze kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu.

Vifaa utakavyohitaji

Usiogope, hakuna mitambo ya ajabu hapa. Unahitaji mashine ya kuichezea kanda au santuri, kompyuta, na waya wa kuviunganisha.

Kama ni kanda, tundu la redio kaseti la kuchomekea visikizi linatosha. Chomeka waya hapo, na mwisho wake wa pili uutie kwenye kompyuta. Hapa ndipo wengi hukosea. Kompyuta kubwa ya mezani kwa kawaida huwa na tundu la buluu la kuingizia sauti, nalo ndilo unalolitaka. Kompyuta nyingi za mkononi hazina tundu hilo. Zina la maikrofoni peke yake, ambalo hutarajia sauti dogo na mara nyingi hupokea upande mmoja tu. Ukilitumia, sauti itatoka imepasuka. Nunua kadi ndogo ya sauti ya kuchomeka kwenye tundu la USB, na uhakikishe kwamba ina sehemu ya kuingizia sauti, si kutoa tu.

Tafadhali usifanye nilivyofanya mimi mara ya kwanza. Niliiweka simu mbele ya spika, nikabonyeza kurekodi. Nilipata sauti ya babu, honi ya matatu, na jirani akiuliza maji yatarudi lini.

Kwa santuri mambo yako tofauti kidogo. Sauti inayotoka kwenye sindano ni dhaifu mno. Zaidi ya hayo, wakati wa kutengeneza santuri, sauti nzito hupunguzwa makusudi na zile nyembamba huongezwa, ili michirizi isiwe mipana kupita kiasi na ile sauti ya kukwaruza isisikike sana. Ni lazima zirudishwe kama zilivyokuwa. Kazi hiyo hufanywa na amplifaya yenye tundu lililoandikwa PHONO. Ukiikosa amplifaya hiyo, gita la besi halitasikika na matoazi yatakupasua masikio.

Unganisha mashine ya santuri na tundu hilo la PHONO, kisha uchukue sauti kutoka tundu la amplifaya lililoandikwa TAPE OUT au REC OUT uipeleke kwenye kompyuta. Siku hizi kuna mashine mpya za santuri zenye kifaa hicho ndani na waya wa USB. Hizo huunganishwa na kompyuta moja kwa moja.

Ukisikia mvumo wa umeme, angalia kama ule waya mwembamba wa mashine ya santuri umefungwa kwenye skrubu ya amplifaya. Kama ni kompyuta ya mkononi, jaribu kuitumia kwa betri bila kuchomeka chaja. Mara nyingi mvumo huisha hapo hapo.

Nawa mikono kwanza

Haraka haraka haina baraka. Kabla ya kucheza chochote, safisha.

Utepe wa kanda una upana usiofika milimita nne, nao hupita mbele ya kichwa cha mashine kwa kasi isiyofika sentimita tano kwa sekunde. Uchafu mdogo tu unatosha kuifanya sauti ififie. Chukua kijiti chenye pamba, kichovye kwenye spiriti ya kusafishia, usugue kichwa hicho cha chuma na kile chuma chembamba kinachozunguka. Gurudumu la mpira lililo kando yake lipanguse kwa pamba yenye maji kidogo. Utashangaa jinsi pamba itakavyogeuka rangi ya kahawia. Acha vikauke.

Sasa itazame kanda. Kuna kijipande cha sifongo katikati ya uwazi wake. Kikiwa kimeng'oka, sauti itakuja na kupotea. Kanda yenye ukungu usiitie kwenye mashine kabisa, kwa sababu itachafua mashine na kuambukiza nyingine. Iweke kando, mpelekee fundi anayejua kazi hiyo.

Kanda iliyokaa miaka mingi ipeleke mbele hadi mwisho, kisha uirudishe, ili utepe ulegee. Kanda za dakika 120 zina utepe mwembamba sana ambao hutafunwa kwa urahisi. Hizo zizungushe kwa kalamu, kama tulivyofanya zamani kuokoa betri.

Na hili nalisisitiza: kabla ya lolote lile, vunja vile vijiti viwili vidogo vilivyo mgongoni mwa kanda. Vikivunjwa, mashine haiwezi kurekodi juu yake. Lau ningalijua jambo hilo mwaka wa 1991, au lau baba mdogo angalivivunja mwaka wa 1987, nisingekuwa na kisa cha kukusimulia.

Santuri ipanguse kwa kitambaa laini kilichotiwa maji safi yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari, ukifuata mzunguko wa michirizi. Usipanguse kwa kukata michirizi. Zile santuri nzito za zamani, zinazozunguka mara 78 kwa dakika na kuvunjika kama sahani, usiziguse kwa spiriti hata kidogo, kwani huyeyusha utomvu zilizotengenezewa. Pia zinahitaji sindano nene zaidi. Sindano ya santuri za kawaida, za mizunguko 33 na 45, haitoshi humo.

Kubonyeza kitufe

Katika kompyuta utahitaji programu ya kurekodi. Inayotumiwa na wengi ni Audacity. Ni ya bure, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2000, na inafanya kazi hata kwenye kompyuta kuukuu.

Chagua kipimo cha sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16, ambacho ndicho kipimo cha CD. Kisha cheza sehemu yenye kelele nyingi zaidi na utazame mistari ya kiwango cha sauti. Hiyo isipande zaidi ya alama ya -6. Ikigonga 0, sauti hupasuka, na hakuna programu itakayoirudisha vizuri. Sauti iliyo chini kidogo unaweza kuipandisha baadaye.

Sasa rudisha kanda mwanzo, bonyeza kurekodi kwenye kompyuta, kisha ucheze kanda. Iache iende bila kukatiza hadi upande ukwishe. Hakuna njia ya mkato: kanda ya saa moja huchukua saa moja. Ndiyo maana nakushauri ufanye moja kila Jumapili. Mwaka ukiisha utakuwa umeokoa 52.

Ukimaliza kila upande, hifadhi mara moja. Stima zetu unazijua.

Faili hiyo ya kwanza iwe ya aina ya WAV au FLAC, ambazo hazipunguzi chochote. Saa moja ya WAV huchukua takriban megabaiti 635, kwa hivyo flashi ya gigabaiti 64 hubeba kama saa 100. FLAC huchukua karibu nusu yake. MP3 ni nyepesi zaidi na inafaa kutumia jamaa kwa simu, lakini huwa imetupa sehemu ya sauti. Itoe MP3 kutoka kwa ile faili kubwa. Usiifanye kuwa nakala yako ya pekee.

Usimwoshe babu akatakata mno

Programu hizi zina uwezo wa kuondoa ule mvumo wa kanda. Unachagua sekunde chache zenye mvumo mtupu, programu inajifunza, kisha inauondoa kote. Kwa santuri kuna ya kuondoa mialiko ya mikwaruzo.

Zitumie kwa kiasi. Ukizidisha, mtu huanza kusikika kama anayezungumza ndani ya mtungi wa maji. Afadhali mvumo kidogo na sauti ya kweli. Na daima fanya majaribio hayo kwenye nakala. Ile faili ya kwanza usiiguse.

Kuna kasoro moja ambayo inafaa kurekebishwa. Kanda nyingi za vijijini zilirekodiwa kwa betri zilizokuwa zinakwisha. Mashine ilikwenda polepole wakati wa kurekodi, na sasa ukiicheza kwa kasi ya kawaida mzee anasikika kama mtoto. Ndivyo ilivyokuwa kwa babu katika dakika za mwisho za upande wa kwanza. Katika Audacity kuna mahali pa kubadilisha kasi. Niliipunguza kidogo kidogo hadi sauti nzito niliyoifahamu ikarudi, nami nikalazimika kutoka nje kidogo.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Faili iitwayo "Audio 07" ni sawa na kanda isiyoandikwa kitu. Ipe jina linaloeleza yote: mwaka, mahali, anayezungumza, upande. Kwa mfano: "1987-Wundanyi-Babu-upande A". Kando yake andika ukurasa mmoja: ni nani waliokuwepo, lugha gani inazungumzwa, nani anayekohoa, nani anayecheka. Wanaojua majibu hayo wanapungua kila mwaka.

Weka nakala tatu: moja kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski au flashi, na ya tatu katika nyumba nyingine kabisa, kwa ndugu au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Nyumba huungua, na kompyuta huibwa. Na kanda yenyewe usiitupe. Huenda kesho ikapatikana njia bora zaidi ya kuisoma.

Neno moja kuhusu sheria. Sauti za jamaa zako ni zenu. Muziki ni wa wenyewe. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Usihamishe santuri ya mtu ukaanza kuuza nakala sokoni. Lakini ukiwa na santuri ambayo huoni dalili yake popote, usikae nayo kimya. Kuna watu wanaozitafuta, kama kundi la Ketebul Music la Nairobi ambalo mnamo 2008 lilitoa kumbukumbu za historia ya muziki wa benga.

Yule mzee wa Voi

Nilipomaliza kuihamisha kanda ya babu, niliitia kwenye simu na kwenda nayo nyumbani. Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, sasa ni ajuza na macho yake yamefifia. Nilimwekea simu karibu na sikio.

Alisikiliza majina yote ya mababu bila kusema neno. Alipofika upande wa pili, babu akasema, "Basi tulipofika Voi, yule mzee akatuuliza..." Likaingia gitaa. Nikainama kwa haya.

Shangazi akasema, "Akawauliza kama wamekula."

Alikuwa amekisikia kisa hicho mara nyingi akiwa msichana. Akaniambia kwamba mzee huyo aliwapa ugali na mahali pa kulala, na asubuhi akawapeleka kwenye shamba la mkonge kuandikwa kazi. Nikamwomba asubiri. Nikaiweka simu yangu juu ya kigoda, nikabonyeza kurekodi, nikamwomba aanze tena tangu mwanzo.

Kwa hivyo, msomaji, ukilifungua sanduku lako leo, fanya mambo mawili. Okoa sauti zilizomo. Kisha inua macho uangalie ni nani katika nyumba yako bado anajua kisa kilivyokwisha, nawe umrekodi angali hai.